Uvimbe wa kaka umerudi: tumpeleke kwenye majaribio ya dawa?

Swali: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Sengerema. Kaka yetu ana miaka 44, ni mvuvi wa dagaa. Mwaka jana alianguka degedege usiku wakiwa ziwani, wenzake wakamrudisha mwaloni. Alipimwa Mwanza, akapelekwa Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji, na majibu yakasema ni glioblastoma. Akapigwa mionzi wiki sita huku akinywa vidonge vya temozolomidi, kisha vidonge peke yake kwa miezi sita. Alipata nafuu hadi akarudi mwaloni kushona nyavu. Sasa ni miezi minane tangu mionzi iishe, na MRI inaonyesha uvimbe umerudi. Binamu yetu aliyeko Ujerumani ametutumia karatasi za utafiti wa dawa mpya, "awamu ya kwanza", kwa watu wazima waliorudiwa na saratani ya ubongo. Hapa mjini kuna mtu anayesema kwa shilingi milioni nane atamwingiza kaka kwenye majaribio. Wakubwa wa ukoo wanataka tuuze mtumbwi na mashine. Wengine wanasema tusikubali kaka afanywe panya wa maabara. Bado anakunywa fenobabitoni ya kuzuia degedege. Yeye mwenyewe hatujamwambia kuwa ni saratani, tunamwambia ni uvimbe tu. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na poleni nyote nyumbani. Umeuliza kuhusu dawa, pesa na panya wa maabara, lakini sentensi iliyonikaa moyoni ni ile ya mwisho, kwamba kaka hajaambiwa. Naanza na hiyo, kwa sababu mengine yote yanasimama juu yake.

Maadamu kaka yako ana akili zake, hakuna utafiti halali wa dawa utakaompokea bila yeye mwenyewe kujua anaumwa nini. Ndivyo lilivyoweka Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililitoa na ambalo watafiti wa nchi nyingi hulifuata: mshiriki aelezwe kwa lugha anayoielewa, aulize, afikiri, kisha aridhie kwa hiari yake. Ndugu hawezi kumsainia kwa siri. Neno saratani limeandikwa kwenye fomu ya ridhaa, na atalisoma au atasomewa. Kwa hiyo familia inayowaza utafiti imeshaamua kumwambia mgonjwa, hata kama haijajua kuwa imeamua.

Najua kwa nini mmenyamaza. Mnaogopa akisikia atakata tamaa, aache kula, alale akisubiri. Nimekaa na familia nyingi za kanda hii zenye hofu hiyo hiyo, na mara nyingi kinachotokea ni hiki: ndugu wananivuta pembeni kwenye korido wakisema "daktari, usimwambie", na siku nyingine mgonjwa anabaki nyuma baada ya ndugu kutoka, ananiambia taratibu, "daktari, usiwaambie kwamba najua." Kaka yako alipigwa mionzi kichwani siku tano kwa wiki, wiki sita. Alikaa kwenye benchi moja na wagonjwa wengine wa mionzi, wakapiga soga. Sidhani kama kuna asichokijua. Asichonacho ni mtu wa kuzungumza naye.

Mwanzeni kwa kumuuliza yeye anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake, kisha mjazie pale alipofika. Chagueni asubuhi, baada ya kunywa deksamethasoni kama ameandikiwa, maana dawa hiyo hupunguza maji yanayovimbisha ubongo na wagonjwa wengi huongea vizuri zaidi inapofanya kazi. Ikiwa uvimbe uko upande unaomfanya apoteze maneno, kutafuta neno na kukosa akili ni vitu viwili tofauti. Mpeni muda. Kama Kisukuma ndicho kinachomtoka kwa urahisi, ongeeni Kisukuma, na mwombeni daktari atumie mfasiri. Ridhaa haipatikani kwa kikao kimoja cha dakika kumi.

Sasa ugonjwa wenyewe. Glioblastoma ndiyo saratani mbaya inayoanzia kwenye ubongo ambayo huwapata watu wazima zaidi kuliko nyingine zote za aina hiyo, na katika ngazi nne ambazo wataalamu huzitumia kupanga uvimbe wa ubongo, yenyewe iko ya nne. Ninyi watu wa ziwani mtaielewa haraka nikiwakumbusha magugu maji. Mnaweza kuyazoa yote mnayoyaona ghubani, maji yakawa meupe kabisa, kumbe mbegu zimelala kwenye tope. Daktari wa upasuaji hutoa anachokiona, lakini chembe za saratani zilishatembea na kujichanganya na ubongo wenye afya, ule unaomwezesha mtu kusema, kutembea na kukumbuka. Huwezi kuuchota ubongo huo ukabaki na mtu. Ndiyo maana karibu kila mara glioblastoma hurudi, hata kama upasuaji ulikuwa mzuri na mgonjwa hakukosa kidonge hata kimoja. Naomba mliseme hili kwa sauti nyumbani: haikurudi kwa sababu kaka alirudi mwaloni, wala kwa sababu mlichelewa.

Kwa nini dawa za saratani zinazofanya maajabu kwingine zinashindwa hapa? Hapa hapa kwenye ziwa letu yalitokea makubwa. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa Uganda, aliandika kuhusu watoto waliovimba mataya. Madaktari waliofuata wakajaribu dawa za saratani kwa watoto hao, na uvimbe mkubwa wa taya ukayeyuka kwa siku chache. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1967, ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo dunia ilijifunza kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa peke yake. Mpaka leo tunawatibu watoto wa kanda ya ziwa wenye saratani hiyo ya Burkitt, na wengi wanapona.

Lakini uvimbe wa Burkitt unakua kwa kasi kubwa mno, na dawa za saratani hupiga zaidi chembe zinazogawanyika kwa kasi. Tena uko mahali damu inapopita bila kizuizi. Ubongo una ukuta wake: mishipa midogo ya damu ya ubongo imezibwa barabara ili sumu zisiingie, na dawa nyingi zinahesabiwa humo kuwa sumu, zinarudishwa mlangoni. Dawa inaweza kuua saratani ndani ya chupa ya maabara, ikaua uvimbe mgongoni mwa panya, kisha ikashindwa kufika ndani ya kichwa cha mtu kwa kiasi cha kutosha. Ikifika, inakuta chembe zisizofanana: hizi zinakufa, zile za jirani zinajirekebisha na kuendelea.

Temozolomidi ni moja ya dawa chache zinazopenya. Historia yake ndiyo jibu langu kwa wale wazee wanaosema panya wa maabara. Ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Aston, mjini Birmingham, Uingereza, na kikosi cha Malcolm Stevens. Haikupewa wagonjwa wapya kwanza. Ilijaribiwa kwa watu walio mahali kaka yako alipo sasa, ambao uvimbe wao ulikuwa umerudi. Katika utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2000, wagonjwa 225 waligawanywa, wengine wakapata temozolomidi, wengine dawa ya zamani iitwayo prokabazini. Baada ya miezi sita, wale ambao ugonjwa wao ulikuwa haujasonga mbele walikuwa asilimia 21 upande wa temozolomidi na asilimia 8 upande wa pili. Ni tofauti ndogo, lakini ilitosha kuwapa watafiti ujasiri wa kuijaribu kwa wagonjwa wapya. Mwaka 2005 yakatoka majibu ya utafiti wa watu 573 wa Ulaya na Kanada: walioongezewa temozolomidi juu ya mionzi, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 14.6, na wa mionzi peke yake miezi 12.1. Waliofika miaka miwili walikuwa asilimia 26.5 dhidi ya 10.4. Vidonge alivyokunywa kaka yako vilitoka hapo, kwa watu waliokubali kujaribiwa wakijua kwamba wao wenyewe huenda wasifaidi.

Mkoa wetu nao si mgeni wa mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, maeneo 12 ya mkoa wa Mwanza yaligawanywa: sita yakaboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa katika zahanati, sita yakasubiri. Majibu ya mwaka 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yamepungua kwa takriban asilimia 40 kule kulikoboreshwa. Dunia nzima ililijua jina la Mwanza. Baadaye Rakai, ng'ambo ya ziwa upande wa Uganda, walijaribu njia yao ya kugawa dawa nyumba kwa nyumba, na VVU haikupungua. Nalitaja hilo kwa sababu hata utafiti mzuri hausemi neno la mwisho peke yake. Na hivi karibuni wasichana 930 wa hapa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, walishiriki utafiti uliosaidia kuonyesha kwamba dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inaweza kutosha. Tangu mwaka 2024 mabinti wa Tanzania wanachanjwa dozi moja. Huenda binti wa kaka yako ni mmoja wao.

Basi neno majaribio lisiwatishe. Ila "awamu ya kwanza" iliyoandikwa kwenye karatasi za binamu mnapaswa kuielewa vizuri, kwa kuwa hapo ndipo familia nyingi hujidanganya.

Dawa ya saratani ikishapita kwa wanyama huingia kwa binadamu kwa awamu. Ya kwanza inauliza kitu kimoja hasa: dozi gani mwili unaweza kuistahimili? Kwa kawaida wagonjwa watatu hupewa dozi ndogo. Wakivuka salama, watatu wengine hupewa kubwa kidogo. Mmoja akipata madhara mazito, wanaongezwa watatu wa dozi ile ile. Wakifika wawili, watafiti wanajua wamevuka mpaka na wanarudi nyuma. Sasa jiwekeni mahali pa kaka. Akiingia kundi la mwanzo, huenda akapata dozi ndogo isiyofanya lolote. Akiingia la mwishoni, huenda akapata inayomzidi nguvu. Wapo wanaopata nafuu katika awamu hii, nimewaona kwenye taarifa za tafiti, lakini hakuna mtafiti mwaminifu atakayewaahidi hivyo, kwa sababu utafiti haukupangwa kwa ajili hiyo. Awamu ya pili ndiyo huanza kuuliza kama uvimbe unasimama au kunywea. Ya tatu huweka dawa mpya na ya zamani uso kwa uso, kwa bahati nasibu kama kurusha shilingi, na mgonjwa hachagui upande. Kwa saratani iliyorudi, upande wa pili kwa kawaida hupewa dawa inayojulikana. Hakuna anayeachwa hivi hivi na kidonge cha unga.

Na nyingi zinaanguka. Siwezi kuwaficha hili. Dawa ya kuamsha kinga ya mwili iliyofanya makubwa kwa saratani ya ngozi, nivolumabu, ilijaribiwa katika utafiti kwa watu 369 ambao glioblastoma yao ilikuwa imerudi. Nusu ya walioipata waliishi zaidi ya miezi 9.8, na upande wa pili, waliopata dawa nyingine iitwayo bevasizumabu, ilikuwa 10.0. Bevasizumabu nayo ilichanganywa na lomustini, dawa ya kumeza iliyopo tangu miaka ya 1970, katika utafiti wa Ulaya wa watu 437. Picha za MRI zilipendeza: uvimbe ulikaa miezi 4.2 bila kusonga, wakati kwa lomustini peke yake ilikuwa 1.5. Lakini urefu wa maisha ulikuwa miezi 9.1 na 8.6, karibu sawa. Bevasizumabu huziba mishipa inayovuja, maji yanapungua, picha inakuwa safi na mgonjwa anaweza kupunguziwa steroidi, yaani dawa kama deksamethasoni, jambo ambalo kwake ni nafuu ya kweli. Ila picha nzuri haikuwa sawasawa na kuishi zaidi. Mtu yeyote akiwaonyesha picha mbili za MRI, ya kabla na ya baada, kama ushahidi wa dawa yake, kumbukeni hizo namba.

Turudi kwa kaka. Kabla ya chochote, ulizeni kama kweli uvimbe umerudi. Mionzi yenyewe inaweza kuchoma ubongo na kuacha kovu lenye kuvimba ambalo kwenye MRI linafanana na saratani. Miezi mitatu ya kwanza baada ya mionzi hilo hutokea sana, ndiyo maana tafiti nyingi hazimpokei mtu kabla ya wiki 12 kupita, labda awe amechukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kikapimwa. Kwa miezi minane uwezekano umepungua, ila haujaisha. Daktari wa picha alinganishe MRI zote kwa mpangilio, hasa ile iliyopigwa mara baada ya mionzi, asitazame hii ya mwisho peke yake. Kama mliacha sidii mojawapo Dar es Salaam, fuateni.

Kisha watafiti watatazama hali yake. Wana kipimo kiitwacho Karnofsky, kinachoanzia 100 kwa mzima hadi 0. Tafiti nyingi za ubongo zinataka mtu awe 60 au 70 kwenda juu. Sabini ni mtu anayejihudumia mwenyewe ingawa hawezi kazi yake, na sitini anahitaji msaada wa hapa na pale. Kama kaka anaoga, anakula na kuvaa mwenyewe, bado yuko ndani. Watapima damu: chembe nyeupe, chembe sahani zinazogandisha damu, ini na figo. Dozi ya deksamethasoni iwe imetulia kwa siku kadhaa, maana ukiipandisha leo, MRI ya kesho itaonekana nzuri kwa sababu ya steroidi na watafiti wataisifia dawa isiyohusika.

Hapa ndipo fenobabitoni inapoingia, na nashukuru umeitaja, kwa sababu wengi huiona kitu kidogo. Fenobabitoni, fenitoini na karbamazepini ni dawa za degedege tunazozitumia sana hapa kwetu, ni za bei nafuu na zinafanya kazi. Lakini zinaamsha ini. Ini likiamka hivyo linavunja dawa nyingine kwa kasi isiyo ya kawaida, na zimo dawa kadhaa za saratani. Watafiti wa Marekani walipojaribu dawa ya saratani iitwayo irinotekani kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo, waligundua kwamba waliokuwa kwenye dawa hizo za degedege walistahimili dozi iliyozidi mara tatu ya wenzao, kwa kuwa mwili ulikuwa unaitoa dawa haraka kiasi hicho. Fikirini maana yake: watu wawili, dozi moja, mmoja anadhurika na mwingine ni kama hakunywa kitu. Tangu hapo tafiti za namna hii ama huwatenga wagonjwa hao katika kundi lao, ama hutaka wabadilishiwe dawa, mara nyingi waende kwenye levetirasetamu ambayo hailiamshi ini, na wasubiri kwa muda hadi lipoe.

Msimwachishe fenobabitoni wenyewe. Narudia kwa sababu nimeona matokeo yake. Ukiikata ghafla, degedege inaweza kurudi mfululizo bila kukoma na kumuua mtu kabla saratani haijafanya hivyo. Deksamethasoni nayo ni vivyo hivyo, haikatwi kwa siku moja. Kubadilisha ni kazi ya daktari, dawa moja ikipanda huku nyingine ikishuka. Na kama kuna mizizi au unga wa miti shamba anaopewa na wazee, daktari aambiwe. Hatutagombana naye, ila ini ni hilo hilo moja. Halafu, hata akijisikia mzima namna gani, asiende ziwani usiku. Degedege ndani ya mtumbwi haina mwokoaji.

Kuhusu huyo mtu wa milioni nane. Mdogo wangu, utafiti halali haumuuzii mgonjwa nafasi. Dawa inayojaribiwa hutolewa bure, vipimo vya utafiti hulipiwa na utafiti, na mara nyingi mshiriki hurudishiwa nauli. Hapa Tanzania jaribio la dawa haliwezi kuanza bila kibali cha maadili cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. NIMR wana kituo Mwanza, mnaweza kwenda wenyewe kuuliza. Majaribio ya Afrika huandikishwa katika daftari la wazi linalotunzwa Cape Town, na Marekani wana lao kwenye intaneti, ambalo binamu anaweza kulisoma bila kulipa senti. Mtu asiye na jina la utafiti, namba ya kibali wala fomu ya ridhaa anauza hofu yenu. Msimpe hata ya kishika uchumba.

Ujerumani ni suala jingine, na huko sina shaka kwamba utafiti upo. Binamu apige simu kituoni aulize mambo haya kwa uwazi: wanapokea mgonjwa asiye mkazi? Kundi linaloingizwa sasa ni la ngapi? Je, mgonjwa wa fenobabitoni anapokelewa, na asubiri muda gani? Wanahitaji kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta baada ya upasuaji? Vipimo vya kawaida na kitanda akilazwa analipa nani? Akipata madhara, bima ya washiriki inamlinda raia wa nje? Halafu aulize ratiba. Awamu ya kwanza huwa na kutolewa damu kila wiki, MRI kila wiki sita au nane, na daktari wa kumwona mara kwa mara. Hilo halifanyiki kwa kwenda na kurudi Sengerema. Ni kuhamia.

Sasa nasema neno zito, na nalisema kwa sababu wengine hawatawaambia. Kwa glioblastoma iliyorudi, muda wa kawaida huhesabiwa kwa miezi. Wapo wanaoivuka hesabu hiyo, na ninamwombea kaka awe mmoja wao. Lakini akienda Ulaya miezi minne, hiyo inaweza kuwa sehemu kubwa ya muda alionao, akiwa mbali na mke na watoto, katika baridi, na lugha asiyoijua huku maneno yake mwenyewe yanapungua. Na akifia huko, kumrudisha kuzikwa nyumbani kuna gharama inayoweza kuzidi bei ya mtumbwi. Kuna wagonjwa wanaolisikia hili na kusema, "Nitakwenda, hata kama hainisaidii mimi, itamsaidia mwingine." Nawaheshimu mno. Kuna wanaosema, "Nataka kukaa kwangu." Nao wana haki hiyo hiyo. Ninyi hamwezi kumjibia, wala mimi siwezi.

Akikataa utafiti hajaachwa bila tiba. Wengine hufanyiwa upasuaji wa pili kama uvimbe uko mahali panapofikika. Wengine hupigwa mionzi tena kwa eneo dogo. Temozolomidi inaweza kurudiwa kwa waliokaa muda mzuri tangu waiache, au lomustini ikatumika kila wiki sita, ambapo damu lazima ipimwe kwa uangalifu kwa sababu chembe sahani hushuka wiki ya nne hadi ya sita, wakati mgonjwa ameshasahau kwamba alimeza dawa. Kama sampuli ya upasuaji ilipimwa alama ya MGMT, jeni inayoisaidia chembe ya saratani kurekebisha madhara ya dawa, ulizeni majibu yake, maana wenye MGMT iliyozimwa ndio temozolomidi iliyowasaidia zaidi. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wana kitengo cha saratani chenye dawa na mionzi, na siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea foleni ya kivuko. Ombeni kesi yake ijadiliwe katika kikao cha madaktari wa saratani, wa upasuaji na wa picha kwa pamoja. Na ombeni tiba shufaa ianze sasa hivi, wakati bado anatembea. Watu wanaisikia kama hukumu. Kazi yake ni kutuliza kichwa, kichefuchefu, degedege, usingizi na hofu, na inaweza kwenda sambamba na dawa yoyote, hata ya majaribio.

Mashine ya mtumbwi msiuze wiki hii. Huo mtumbwi ndio unaolisha watoto wake, na yeye ndiye mwenye mali. Naye aulizwe.

Pangeni siku ya kwenda kwa daktari wenu. Bebeni MRI zote, karatasi ya majibu ya kinyama, kadi ya mionzi, vidonge vyote anavyomeza vikiwa kwenye makopo yake, na karatasi za Ujerumani zilizochapishwa. Mtangulieni daktari kwa simu mumwambie kwamba mmeshazungumza na kaka nyumbani, au kwamba mnaomba awasaidie kuzungumza naye siku hiyo. Mkiingia chumbani, kiti kilicho karibu na meza ya daktari akalie kaka, ninyi mkae nyuma yake.